Upande Alioelekea

"Alianguka ameelekea upande gani?" mchoraji aliuliza.

Katika miswada ya filamu, mwanajeshi mstaafu alikuwa akiandika tu, "Askari anaanguka," na mwigizaji anaanguka. Sasa alikuwa amefungua kampuni yake ya vitabu vya katuni, na ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kwanza ulidai uso. Askari wa kitabu hicho alikuwa mwenzake wa kweli aliyeuawa vitani, na mchoraji alikuwa mjane wa askari huyo.

"Lala chini nikuone, shemeji. Ila usife kweli, kampuni haijatoa hata kitabu kimoja."

Mstaafu alilala kifudifudi kati ya meza na mlango. Saruji ilikuwa baridi shavuni. Mkono wa kushoto aliukunja chini ya tumbo, wa kulia akaunyoosha, vidole vikiwa wazi, kama alivyouona wa mwenzake alipogeuka nyuma mara ya mwisho akitoka mbio. Kisha akageuza kichwa.

Penseli ilikwaruza, ikasita.

"Adui si alikuwa dirishani? Ndivyo ulivyoandika."

"Ndiyo."

"Mbona basi unatazama mlangoni? Mlangoni kulikuwa na nani?"

Akaanza kujiinua.

"Usitikisike, bado nachora," alisema mjane. "Nijibu hivyo hivyo ulivyolala."