Maziwa Nje ya Bakuli

"Hivi mama Leif, shule yenu kubwa vile inafungwaje hoki ya barafuni na vijishule vya kule msituni?" jirani aliwahi kuniuliza. Nilicheka tu.

Asubuhi ya mechi, mwanangu alimimina maziwa kando ya bakuli. Yalitiririka mezani mpaka sakafuni, naye akaendelea kumimina huku anatabasamu.

"Umegongwa kichwa tena?"

"Usimwambie kocha, mama. Kuna msururu wa wachezaji unaingojea nafasi yangu. Timu nzima tunaficha hivihivi."

"Na wale wa shule ndogo?"

"Wao ni wachache, wakiumia wanapumzika. Nani atawapokonya nafasi?"

Niliukumbatia mfuko wa viatu vyake vya barafuni. "Nimeshamzika baba yako, Leif. Kwa jina la Mungu, kaa nyumbani."

Aliunyakua. Akapapasa ukutani akitafuta kitasa cha mlango, akakipata, akatoka.