Saa Isiyosimamishwa

Binti aliuona mkono wa kaka yake umenaswa kati ya magurudumu mawili ya saa ya mnara, na baba yao alikuwa ameshika nyundo bila kuinyanyua.

Tangu enzi za babu mkuu aliyeiunda, ukoo wao haukuwahi kuisimamisha saa ile. Waliitia mafuta huku ikitembea. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao, na ndiyo iliyowapatia kazi ya saa za minara yote mjini.

"Livunje gurudumu, baba!" binti alipiga kelele.

"Subiri, mwanangu. Labda ataweza kuuchomoa."

"Nauchomoaje, mzee?" Kaka alijaribu kucheka, midomo imemkauka. "Hili lina meno, masikio halina."

Gurudumu likasogea jino moja. Wote watatu wakasikia mfupa ukivunjika.

Binti akamtazama baba yake. Macho ya mzee hayakuwa kwenye mkono wa mwanawe. Yalikuwa kwenye shaba ya gurudumu, pale lilipochongwa jina la ukoo, na yalikuwa yamejaa machozi.

Akampokonya nyundo.

"Ukilivunja hilo, wewe si wangu," baba akasema kwa upole.

"Haya, baba," binti akajibu, akainyanyua kwa mikono miwili.