Alama za Kitabu cha Saba

"Tatu kwa kumi," alisema Rahma, akaiandika ubaoni kwa chaki nyeupe.

Elinipendo aliukumbatia mkoba wake. Baba yake, Mwalimu Yakobo, alizikwa mwaka juzi kihambani kwake, katika shamba la migomba la ukoo, Old Moshi. Elinipendo ndiye aliyekuwa akimpigia chapa miswada, na ndiye aliyekipeleka kitabu hiki cha saba kwa mchapishaji baada ya mazishi. Ndani ya mkoba mlikuwa na mswada wa nane, wino wake bado mbichi. Mchapishaji alikuwa amemwambia wazi: wasomaji wa kundi hili la Moshi wakikikubali cha saba, cha nane kitatoka. Wakikikataa, basi tena.

Ubaoni, vile sita vya mwanzo vilikuwa na tisa tisa.

"Samahani dada, lakini tuseme ukweli," Rahma aliendelea. "Mwalimu alikuwa anakuchekesha huku anakuliza. Humu kuna mahubiri matupu. Mkono wako umeingia."

"Sikugusa hata nukta."

Wakaguna. Watu waliosoma sana wana namna yao ya kuguna, na inauma kuliko tusi.

Mzee Efraimu, jirani wa marehemu, akasafisha koo. "Nimekaa na Mwalimu mpaka mmoja miaka arobaini. Nilikuwa nikipita nasikia mashine ya kupigia chapa inalia ndani, mwenyewe namkuta migombani anakata majani ya ng'ombe. Namsalimu, hajibu. Mawazo yote yako kwenye hadithi! Kipaji kama kile hakirithiwi, binti yangu."

"Chukua kile cha tatu," alisema Rahma, macho yakimng'aa. "'Mvua ilimnyeshea maiti kwanza, halafu wafiwa.' Nani leo anaandika hivyo?"

"'Wafiwa wakasubiri zamu yao,'" Elinipendo alimsahihisha bila kufungua kitabu.

"Unaona? Umevikariri vyote. Sasa ulishindwaje kumlindia jina?"

Walijadili warithi kwa saa nzima: wanaofukua masanduku ya marehemu, wanaochapisha hata karatasi za kufungia vitumbua, kwa kuwa aliyekufa hawezi kukataa. Mwishowe wakapiga kura. Wangemwandikia mchapishaji kwamba lolote litakalopita mikononi mwa mrithi huyu lisitolewe. Mikono yote ilinyanyuliwa, na wa Mzee Efraimu ulitangulia.

"Nenda kamwombe baba yako msamaha," alimwambia mlangoni, kwa upole. "Mpelekee isale."

Huko mlimani, anayeletewa jani la isale hakatai kusamehe. Hata Rahma, mtoto wa mjini, alitikisa kichwa kukubali.

"Nitampelekea, mzee," alisema Elinipendo. Mkoba hakuufungua.

Manyunyu yalimkuta akipanda mlima. Alifika kihambani amelowa, akachuma jani la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akaliweka juu ya kaburi. Kando yake akauweka mswada wa nane, bila kuufunika. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Hakukuwa tena na cha kuandika, wala wa kumwandikia.

"Nisamehe, Baba," alisema. "Uliniomba kimoja tu kati ya saba kiwe cha mkono wako. Ningejua watakupa tatu, ningekuandikia na hicho."