Kihaya cha Mama

Siku hizi kila mtoto hupachikwa kitafsiri sikioni anapozaliwa, na lugha zote humfikia kwa Kiswahili safi. Kokugonza alikitoa chake akiwa mtu mzima, akarudi Bukoba kujifunza Kihaya kwa mama yake.

Mwanzoni alisikia mvumo tu. Mama alitamka maneno mawili tofauti, yeye akayasikia kama moja. Hakukata tamaa. Alirudia na kurudia mpaka masikio yakaanza kuyatenganisha, na polepole sentensi nzima zikawa zinamwingia.

Asubuhi moja walikuwa wakimenya ndizi. Mama alimwita kwa jina la shangazi yake marehemu, akamuuliza kama baba amesharudi kutoka shambani. Baba walikwisha kumzika zamani. Hapo Kokugonza akaelewa kwamba miaka yote kitafsiri kilikuwa kikiyanyoosha maneno ya mama kabla hayajawafikia wanawe.

Alimpigia simu kaka yake, Kamugisha.

“Mama mzima kabisa,” kaka alisema. “Jana tu tumeongea vizuri.”

“Hukuongea naye, kaka. Kitoe hicho kitu, uje nyumbani. Nitakufundisha mwenyewe.”

Kokugonza alikata simu. Akarudi jikoni, akaketi karibu na mama, akamjibu kwa Kihaya kwamba baba bado hajarudi.