Kizibo Chekundu

Salha alikuwa ameupanga utafiti wake mwaka mzima, hadi namna ya kuzichambua takwimu. Nusu ya kaya za mtaa zingepata machujio ya maji sasa, nusu zingesubiri mwakani, naye angelinganisha watoto wa upande upi waliharisha zaidi. Kura ndiyo ingeamua. Kila mama angetumbukiza mkono ndooni bila kutazama na kutoa kizibo cha soda. Chekundu, chujio leo. Kisicho na rangi, subira.

Vile vyekundu alivipaka rangi ya kucha mwenyewe.

Ilipofika zamu ya shangazi yake, Bi Mwanakheri, mkono ulikawia ndooni. Ukatoka na chekundu, kama mikono ya karibu wote waliomtangulia.

Salha akaokota vizibo viwili, akafumba macho, akavipapasa. Chenye rangi kilikwaruza vidole.

"Jamani, naomba mvirudishe," akasema. "Tutapiga kura upya."

"Kwani tumeiba?" mama mmoja akauliza.

"Hamjaiba, kosa ni langu. Lakini mkijichagulia, sitajua watoto wamepona kwa chujio au kwa ujanja wa mama zao."

Kwa manung'uniko, vizibo vikaanza kulia ndooni kimoja kimoja. Bi Mwanakheri alikuwa wa mwisho kuinuka. Mgongoni mwake alilala mjukuu wake, midomo imemkauka.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema.

Akaunyoosha mkono juu ya ndoo, ngumi bado imefumbwa.