Namba Chini ya Kitufe

Namba iliyofichwa chini ya kitufe haikuwa yake.

Françoise aliisoma mara tatu, akiifuata kwa kidole kwenye skrini. Yake iliishia na sifuri saba. Hii iliishia na arobaini na moja. Asubuhi ile alikuwa amepakua kiendelezi kipya cha kivinjari, kijiprogramu kinachoorodhesha kila kiungo cha ukurasa na mahali kinakompeleka mtu. Alikihitaji kwa tovuti ya hoteli moja ya mjini. Alipomaliza na hoteli, akakijaribu kwenye ukurasa wake mwenyewe, hivi hivi tu.

Ukurasa wenyewe haukuwa wa hivi hivi. Juu uliandikwa: “Françoise, binti wa Mwavita wa Lokandu, namtafuta mama yangu, tulipoteana bandarini Kindu, 1998.” Alikuwa na miaka minne siku risasi zilipofika bandarini. Watu walisukumana kuingia mitumbwini, mkono wa mama yake ukamponyoka, mtumbwi ukaondoka na mama. Mama Tshibola, mke wa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyemnyanyua pale gatini. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee juma lililotangulia. Akamlea kama wake, na mpaka leo walikaa pamoja mtaa wa Alunguli, hapo hapo Kindu.

Kazi ya Françoise ilikuwa kuzifanya tovuti za watu zitokee juu mtu anapotafuta kitu mtandaoni, na viendelezi ndivyo vilivyokuwa jembe lake. Kimoja kilimwonyesha maneno ambayo watu huandika wakitafuta. Kingine kilimgombeza kichwa cha ukurasa kikiwa kirefu mno. Cha tatu kilihesabu nani kabonyeza nini. Alichowafanyia wateja kwa malipo, alijifanyia mwenyewe kwa miaka miwili bila kuchoka, na ukurasa wake ukapanda. Ukiandika Mwavita, Lokandu na vita, wa kwanza kutokea ulikuwa wake.

Mwezi uliopita, kitufe cha “Nipigie simu” kilibonyezwa mara tisa. Mtu mmoja peke yake alikibonyeza mara sita. Simu ya Françoise haikulia hata mara moja.

“Muntu akibonyeza na asiseme kitu, ni kusema anaogopa,” Mama Tshibola alikuwa akimtuliza. “Achana nayo, mutoto yangu. Ya zamani ilishapita.” Kisha humwongezea mboga sahanini, au huchukua simu yake ndogo ya pili, ile ya wamama wa kanisa tu, akaipokelee nyuma ya jiko asisumbue watu.

Kitufe chenyewe Françoise hakuwahi kukibonyeza. Kwenye kompyuta hakikufanya kitu, na nani anajipigia simu mwenyewe? Watu wa kazi hii huangalia kile ambacho mashine inasoma. Kubonyeza wanawaachia wengine.

Aliyeujenga ukurasa alikuwa Franck, mchumba wake. Siku hiyo alikuwa kwenye meza ya pili ya ofisi yao, ameinamia kazi, na barua yake ya posa ilikuwa imeshafika nyumbani.

“Franck. Hii numero ni ya nani?”

Akaja, akatazama. “Si yako?”

“Yangu haujui? Miaka mine unanipigia kila siku!”

“Ulisema utanunua ingine, ya site tu. Niliandika ile ya ku karatasi.”

“Karatasi gani? Nilikuwa nalala na malaria, hata kalamu sikushika!”

“Karatasi ilifika, Françoise. Ilikuja pamoja na chakula toka kwenu.”

Hakutaka kusikia habari za chakula. Damu ilikuwa imemchemka. Alikumbuka Franck akitania kwamba Mwavita akipatikana, mambo ya mahari yataanza upya, na ukoo mwingine, na wajomba wasiomjua. Walicheka wote wawili siku ile. Sasa mzaha ule ulimgeukia kuwa ushahidi. Miaka miwili alikuwa akikesha na maneno ya ukurasa ule, na mtu aliyempa moyo wake alimtazama akikesha, akanyamaza.

“Uliniuza kwa nani?” akauliza. “Nani iko anapokea watu wangu?”

“Sijui, kweli ya Mungu. Piga, tusikie.”

Akachukua simu ya kazi, ile ya wateja, ili huyo mtu asione jina lake. Akabonyeza tarakimu moja moja huku amemkazia Franck macho. Akaweka sauti juu, wasikie wote wawili. Simu ya Franck ilikuwa mezani mbele yake, kimya. Alitaka sana ilie. Ingelia, angejua pa kuipeleka hasira yake.

Iliita mara moja. Mara mbili. Mara nne.

“Alo?”

Françoise alifungua mdomo, ikatoka kwikwi tu. Sauti iliyojibu ndiyo iliyomwamsha asubuhi ile, anywe chai kabla haijapoa.

“Mama Mwavita, ni weye tena? Leo na simu ya watu wengine?” Mama Tshibola alisema, kwa upole wake uleule wa siku zote. “Usilie, mama. Nilishakuambia, Françoise alikufa ku vita. Miye mwenyewe nilimuzika.”