Chupa Iliyoganda

Muuguzi Santina alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano alipoitupia jicho tena chupa ya chanjo ya pepopunda. Alikuwa ameitikisa sasa hivi, weupe ukaenea kama maziwa. Sasa unga ulikuwa unashuka mapande mapande, na juu pamebaki maji matupu.

Chanjo ilikuwa imeganda, kisha ikayeyuka. Naye ndiye aliyeigandisha jana, alipoizungushia barafu kwa kuogopa joto la Koboko, huku kaskazini mwa Uganda, kama mama anayemfunika mtoto blanketi mpaka akamziba pumzi.

Chembe za alumini zilizomo ndani ya chanjo, ndogo kuliko jicho liwezavyo kuona, ndizo zinazoushtua mwili uamke upigane. Zikigandishwa zikashikana, mwili unaendelea kulala.

Katika zahanati nzima ya Midia alilijua hilo peke yake. Angedunga tu, nani angemuuliza?

Mbele yake mwanamke mjamzito alikuwa amepandisha mkono wa gauni hadi begani. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Sudani Kusini.

“Mutoto ya kwanza ilikufa siku ya saba,” alisema. “Ilikaza mudomo, ilikataa ziwa. Hii, sista, hapana kufa?”

Santina aliielekeza sindano chini, akaimwaga dawa yote kwenye sakafu ya udongo.

“Dawa iko mbaya, mama. Ni mimi niliharibu. Rudi wiki ingine.”

Mwanamke aliyatazama yale matone mpaka udongo ukayanywa. Mkono wa gauni hakuushusha.